Zamu ya Sajini, Zamu ya Koplo

Kule Mweiga mbwa wakishikana meno, watu hawamkimbilii chifu wala pasta. Humtuma mtu kwa Wamae. Naye mzee mwenyewe hana haraka. Ni mfupi, mguu wa kushoto anauburuta kidogo, na kofia yake ya sufi haitoki kichwani hata jua liwake namna gani. Anafika na gunia tupu la chakula cha ng'ombe begani, na neno lake la kwanza ni kuwaambia watu wafunge midomo, hasa wanaopiga nduru na wanaorusha mawe, kwa sababu mbwa akisikia kelele hudhani anashangiliwa. Kisha anamfunika kwa gunia yule aliyekaba. Mwenye mbwa anaamriwa kushika miguu ya nyuma ya mbwa wake, aiinue kama mtu anayeshika wilbaro, arudi kinyumenyume bila kusimama, naye Wamae anamfanyia hivyo hivyo yule wa pili. Mbwa akikosa pa kujikita kwa nyuma huachia, apende asipende. Mara unaona kila mmoja yuko nyuma ya mlango wake, na mzee anaomba maji ya kunawa.

Amri yake kubwa ni moja, na ameirudia mpaka watoto wa shule wanaiigiza kwa sauti yake ya kukwaruza: mkono usiingize. Mbwa anayepigana hajui mkono ni wa nani. Atamuuma aliyemlea, amuume mtoto wa nyumbani, na vita vikiisha amlambe vidole kana kwamba hakuna lililotokea.

Ujuzi huo hakuupata kwa kuota. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa askari wa mbwa katika kampuni moja ya ulinzi mjini Nyeri. Alilala karibu na mbwa, akala karibu na mbwa, na alipokuja nyumbani, mara mbili kwa mwezi, alinuka mbwa. Mkewe Wakiuru alibaki na shamba, ng'ombe na binti yao wa pekee, Tabby. Alikama kabla ya mapambazuko, akapeleka maziwa barabarani, akakata majani ya napia ya ng'ombe, na kama alinung'unika basi aliwanung'unikia ng'ombe, maana mume hakuwapo wa kumsikiliza. Siku Wamae alipostaafu, wenzake walipewa blanketi na saa ya ukutani. Yeye aliomba watoto wawili wa jike aliyefanya naye kazi kwa miaka minane. Wakubwa walicheka, wakampa. Aliwaleta ndani ya koti, akawaita Sajini na Koplo, vyeo ambavyo yeye mwenyewe hakuwahi kuvaa hata kimoja.

Hapa lazima tuseme ukweli. Wamae alijua vizuri kwamba mbwa wawili wa tumbo moja, wa umri mmoja, wakilelewa nyumba moja, mara nyingi hufika mahali wakataka kujua nani mkubwa. Aliwahi kumfokea jirani kwa kosa hilo hilo. Lakini wa kwake walikuwa wa kwake, na mtu akishapenda, ujuzi wake wote huuweka kando. Walikua wakilaliana kama magunia ya viazi. Walimfuata mmoja kulia, mmoja kushoto, mpaka kwenye kituo cha maziwa, na mzee alitembea katikati yao akijiona jenerali. Miaka miwili ilipita hivyo, akaanza kuwaambia watu kwamba mambo mengine hutegemea malezi.

Kisha Nyakeru akazaa. Ng'ombe huyo alikuwa amezaa madume matatu mfululizo, na safari hii akatoa ndama jike, mweupe kichwani kama mama yake. Kwa desturi ya boma hilo, tangu enzi za baba yake Wamae, kondo la nyuma likitoka huzikwa ndani kabisa chini ya lundo la samadi, mbwa wasilifikie, kwa sababu hakuna nyama inayowatia mbwa wazimu kama hiyo. Wamae mwenyewe ndiye aliyekuwa akichimba. Siku hiyo furaha ilimpanda kichwani. Alilinyanyua kwa reki, akawarushia mbwa wake katikati ya ua, akawaambia nao wale sikukuu.

Walilishika pande mbili. Kulikuwa na kimya kidogo, kisha ukasikika mlio ambao Wamae alikuwa ameusikia mara mia maishani, ila si kwake. Wakiuru alikuwa akitoka zizini na ndoo ya maziwa ya kwanza. Aliiweka chini, na kabla mume hajalifikia gunia, alimshika Koplo ukosi amvute. Hakuna ajuaye ni meno ya nani yaliyompata. Wamae aliwatenganisha vizuri, kazi safi kabisa, na alipomaliza alimgeukia mkewe mbele ya majirani waliokwisha kujaa kwenye ua wa michongoma.

"Nani alikuambia uingize mkono?"

Hospitalini Nyeri walimshona nyuzi kumi na moja, wakamchoma sindano za kichaa cha mbwa kwa wiki kadhaa. Kidonda kilipona. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikukunjika tena, na tangu hapo Wakiuru akajifunza kukama kwa mkono wa kushoto. Hakulisema sana jambo hilo.

Wamae alijua kwamba vita vya namna ile havina mapatano. Kuna watu ambao mbwa wakipigana huwashika shingo na kuwasukumanisha pua kwa pua wapatane, na kesho yake wanamwita yeye tena. Hakufanya upuuzi huo. Alijenga vibanda viwili, kimoja upande huu wa ua na kingine ule, akasimamisha mabati katikati wasionane. Kila mmoja alikula sahani yake kwa saa yake. Vidonda alivichunguza yeye mwenyewe kwa kidole, kwa sababu jino la mbwa huacha tundu dogo nje na shimo ndani. Kathurima, daktari wa mifugo, kijana mpole kutoka upande wa Meru, aliletwa akawahasi wote wawili. Haikusaidia. Wakisikia tu harufu kupitia ufa wa mabati, manyoya ya mgongo yalisimama.

Lakini fahari ya Wamae ilikuwa kufuli. Alinunua mbili kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Mweiga, zimetoka boksi moja, na alipofika nyumbani akagundua kwamba ufunguo wa moja unafungua na nyingine. Mtu mwingine angerudi kulalamika. Wamae alikaa chini akatabasamu. Kufuli hizo zilikuwa za aina ambayo ukizifungua, ufunguo haukubali kutoka mpaka uzifunge tena. Maana yake, ukibaki na ufunguo mmoja tu, huwezi kufungua vibanda vyote viwili kwa wakati mmoja, hata ukisahau, hata ukiwa mlevi. Funguo nyingine alizifunga kwa uzi, akampa Wakiuru akazitupe chooni. Wakiuru alienda, akarudi mikono mitupu, na mambo yakaishia hapo.

Basi maisha yakawa ya zamu. Sajini alitoka asubuhi mpaka saa saba, Koplo akapokea mpaka jioni, na usiku wakabadilishana kulinda. Mgeni akifika langoni aliita kwanza, "Ni zamu ya nani?" Watu walicheka, wakasema boma la Wamae limekuwa kiwanda cha majani chai. Alicheka nao. Miaka miwili hakuna tone la damu lililomwagika, na kila jioni alipokagua kufuli aliridhika kama mtu aliyelipa deni. Alitaka kitu kimoja tu duniani, naye hakukificha: mbwa wake wote wawili wafe kwa uzee, kila mmoja kwa siku yake, wala si mmoja kinywani mwa mwenzake.

Kathurima alimwambia waziwazi, akiwa anafunga mkoba wake, "Mzee, mbwa mbili za mama moja zikishafika hapa hazirudi nyuma. Peana moja, hata kama ni uchungu." Wamae alimshukuru kwa sindano na hakumjibu hilo lingine.

Tabby hakusema kwa upole hivyo. Alikuwa akishona sare za shule Majengo, mjini Nyeri, ambako alipanga chumba na bintiye wa miaka minne, aliyepewa jina la nyanyake. Siku moja mtoto alikuwa akicheza na majivu nje ya jikoni, Koplo akaruka akayapiga mabati mpaka yakapinda, akimtaka ndugu yake aliyekuwa nyuma. Tabby alimnyakua mtoto, akasema hatamleta tena kwenye boma hilo. Tangu siku hiyo Wakiuru alimwona mjukuu wake kwa kwenda Majengo tu, na kwa mtu mwenye ng'ombe wa kukama asubuhi na jioni, safari kama hizo si nyingi. Alimwomba mumewe amtoe mbwa mmoja. Aliomba jikoni, akaomba shambani, akaomba njiani wakitoka kanisani. Wamae alijibu vile vile kila mara, kwamba milango ina kufuli.

Mwaka jana Wakiuru alipiga moyo konde, akamtafuta mtu. Mzee wa kanisa, Dedan, ana shamba la viazi kule juu karibu na msitu, na nungu walikuwa wanamfukulia mistari mizima. Alihitaji mbwa mkali. Alikuja na pikapu yake Jumamosi moja, amevaa koti zuri, chai ikiwa tayari mekoni. Wamae alimzuia langoni. "Mbwa yangu si kuku ya kupeana kwa mnada ya kanisa," alimwambia, na hakumkaribisha. Wakiuru alisimama mlangoni na vikombe mkononi akimtazama mgeni wake akigeuza gari. Chai hiyo hakuna aliyeinywa.

Baada ya hapo hakuomba tena. Wamae aliona amani imerudi, na akaifurahia, kwa sababu wanaume wengi wa umri wake hudhani mwanamke akinyamaza ameridhika.

Mwezi wa tano mwaka huu, Tabby alimpigia baba yake simu. Alisema amemwandikisha kwenye kliniki ya macho mjini, maana amekuwa akilalamika ukungu, na siku ni Alhamisi. Mzee aliguswa sana. Alimwambia muuza maziwa, akamwambia fundi wa baiskeli, kwamba binti yake amemkumbuka macho. Alhamisi alioga, akampa Sajini zamu yake, akamkumbusha Wakiuru mambo ambayo Wakiuru aliyajua kuliko sala, akaondoka.

Tabby alimpokea mjini na kukaa naye siku nzima. Aliacha cherehani yake kwa ajili yake. Alimnunulia chai na mandazi, akamshika mkono ngazini, akamwuliza habari za ujana wake alizokuwa hajawahi kuziuliza. Alikuwa akitazama simu mara kwa mara, na Wamae akadhani ni wateja wa sare. Walimtia dawa machoni ya kupanua mboni, wakamwangalia, wakasema kuna mtoto wa jicho unaanza lakini bado. Alirudi Mweiga saa kumi alasiri, mwanga ukimchoma na kila kitu kikiwa na ukungu, lakini moyo wake ulikuwa mweupe. Alikuwa na mandazi mawili kwenye karatasi, moja la Wakiuru, na lingine la kugawa katikati, nusu ya Sajini na nusu ya Koplo.

Ilikuwa zamu ya Koplo kuwa nje, na hakuna mbwa aliyekuja langoni.

Wakiuru alikuwa ameketi kizingitini mwa jikoni, beseni la maharagwe mapajani, hachambui. Alisema bila kuinua uso kwamba mbwa wamevunja mlango. Chini ya mparachichi kulikuwa na kitu kimelazwa, kimefunikwa gunia. Wamae alilijua gunia lake hata kwa macho yale. Hakwenda kwanza huko. Alienda kwenye kibanda cha Sajini, akapapasa mlango kwa viganja, ubao kwa ubao, bawaba kwa bawaba. Ulikuwa mzima. Kufuli ilikuwa inaning'inia wazi, na ufunguo ukiwa ndani yake. Alivuka ua hadi kwa Koplo. Mlango huo nao ulikuwa mzima, kufuli wazi, na alipopeleka kidole chini yake akagusa ufunguo.

Alisimama pale akiwa amekishika chuma hicho. Mtu akipigwa ngumi na adui huwa ameona inakotoka. Hii hakuona inakotoka. Ilikuwa imekaa nyumbani kwake miaka miwili, pengine ndani ya godoro alilolalia, huku yeye kila jioni akipita na tochi akikagua kufuli na mkewe akimtazama akikagua.

Alifunua gunia. Jeraha lilikuwa shingoni, chini ya taya, mahali ambapo mtu mwenye gunia na miguu ya kurudi kinyumenyume angewahi kupaokoa. Sajini alikuwa ameanza kukakamaa. Koplo alikuwa amefungwa kwa kamba zizini, sikio moja limechanika, na alipomsikia mzee alitikisa mkia. Wamae alichimba kaburi mwenyewe kwenye migomba. Alichimba kwa kupapasa, akalisawazisha kwa mikono. Kisha alikuja akasimama mbele ya mkewe.

"Mama Tabby. Hiyo funguo ya pili ilitoka wapi?"

Wakiuru aliweka beseni chini. Hakulia wala hakukana. Alisema hakuitupa. Alisema siku ile alifika hadi mlango wa choo, akaona hawezi kumwachia mtu mmoja kufuli zote za boma ambalo yeye ndiye aliyelishika miaka ishirini na miwili, akabaki na mmoja. Kwa miaka miwili hakuugusa. Leo alikuja Dedan, kwa kuitwa, amchukue Sajini wakati mwenye mbwa hayupo. Kamba ilikuwa tayari, Sajini alikuwa tayari nje, na mambo yangekuwa yameisha kabla ya saa sita.

"Sasa Koplo alitolewa ya nini?"

"Dedan alisema hawezi beba mbwa bila kuona zote mbili. Ati hata ng'ombe sokoni, unaziweka pamoja ndio ujue gani iko na mwili. Nikaona ni maneno ya maana. Nikafungua."

Wamae aliwaona kabisa akilini, mkewe na Dedan. Aliwaona wamesimama na mikono nyuma kama watu wa mnada wa Alhamisi pale Karatina, wakingoja kulinganisha mabega. Dedan, alivyosema mkewe, aliingia kwenye pikapu na kupandisha kioo pale vumbi lilipoinuka. Vita vilipokwisha, alishuka, akasaidia kumfunga aliyebaki, akasema ni mapenzi ya Mungu, akaondoka bila mbwa.

"Na wewe?"

"Mimi nilisimama."

"Gunia ilikuwa kwa msumari. Hatua mbili."

"Baba Tabby, wewe uliniambia nisiingize mkono," Wakiuru alisema. "Ulinishtaki mbele ya watu nikitoka damu. Ukachukua kitambaa yangu ya kichwa, ukaenda kufunga sikio ya Koplo. Mimi nilijishika mkono mwenyewe mpaka majirani wakanipeleka barabarani. Kwa hivyo leo sikuingiza."

Wamae alitaka kusema ni uongo. Siku zote alikuwa akisimulia, hata kwa Kathurima, jinsi alivyombeba mkewe mpaka kwenye gari. Alijaribu kuikumbuka ile siku ilivyokuwa na akaona mahali pa kitambaa pana kiza. Ila sikio la Koplo alilikumbuka, joto lake na lilivyokuwa likitetemeka kwenye vidole vyake, na hapo akajua.

Ijumaa walipitana kama watu wa nyumba mbili. Jumamosi ilikuwa hivyo hivyo. Lakini mzee, akikata napia, alikuwa anapigana na nafsi yake, na polepole alianza kushindwa, kwa maana nzuri. Alijiambia kwamba mwanamke huyu aliumia peke yake na akaficha peke yake. Ufunguo aliuficha kwa uchungu ambao yeye mumewe aliusababisha kwa mikono yake, kuanzia kondo lile alilolirusha. Kosa la mtu mmoja mwenye kidonda linasameheka. Jumamosi jioni alimpelekea ndoo ya maji ya kukamia bila kuombwa, na Wakiuru aliipokea. Jumapili asubuhi alivaa suti yake akiwa amekusudia kwamba, wakirudi kanisani, atamwambia yamekwisha.

Walipokuwa wanafika langoni wakitoka kanisani, bodaboda ilisimama nyuma yao. Tabby alishuka, mfuko wa nguo begani, pamoja na mtoto aliyevalia kigauni cha njano kilichoshonwa upya. Mzee alifurahi, akapanua mikono. Kisha akaona kitu kidogo. Tabby hakuita. Kwa miaka miwili hakuwahi kulisukuma lango hilo bila kuuliza ni zamu ya nani, na leo alilisukuma tu, akamwachia mtoto akakimbia hadi katikati ya ua.

Kwa alivyojua mzee, hakuna aliyempigia Tabby simu kumpa habari za msiba. Wamae hakupiga. Wakiuru alimwambia njiani, alipoulizwa, kwamba naye hajapiga tangu Alhamisi.

Tangu Alhamisi.

Mtoto alikuwa amechuchumaa mbele ya kibanda kitupu, akichungulia ndani. "Guka," alimwita babu yake, "sasa imebaki moja? Mama alisema ikibaki moja tutakuwa tunakuja kulala."

Wakiuru aliingia jikoni haraka, kama aliyeacha kitu motoni. Tabby alibaki amesimama na mfuko wake, akitazama chini. Wamae alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili. Sasa aliyaona yote kwa mpangilio, na wala hakuhitaji daktari wa macho: simu ile ya ghafla, siku iliyochaguliwa, ngazi za kliniki na mkono uliomshika, maswali ya ujana wake yaliyomchelewesha mezani chai ikipoa, na ile simu iliyokuwa ikitazamwa kila baada ya dakika tano. Alikuwa amejigamba kwa fundi wa baiskeli. Hilo ndilo lililomtia aibu zaidi, kwamba alijigamba.

"Hiyo kliniki," alisema.

"Macho yako ilikuwa inataka kuangaliwa, Baba. Hiyo si uongo."

"Nawe ulijua Dedan ako hapa."

"Nilijua anakuja kuchukua moja. Ile ingine, ya kupigana, hakuna mtu alipanga. Mama alinipigia tukiwa bado kwa laini ya daktari. Sikuweza kukuambia pale."

Kumbe alipokuwa akinunuliwa mandazi ya kupeleka nyumbani, Sajini alikuwa amekwisha kufa, na binti yake alijua. Alimtazama akiyafunga yale mandazi kwenye karatasi, akimweleza lipi ni la nani.

Mzee aliketi kwenye jiwe la kunolea panga. Aliona kwamba ule msamaha wa mtu mmoja aliokuja nao kutoka kanisani haukutosha tena, na hakuwa na mwingine mfukoni. Mke, binti na mzee wa kanisa, watatu hao walikuwa wamekaa mahali fulani, pengine hapo Majengo juu ya kitanda cha Tabby, wakamjadili kama watu wanavyomjadili mgonjwa aliyelala chumba cha pili.

"Mngeniuliza," alisema. "Mara moja tu, wote pamoja, mkae chini mniulize."

Tabby aliweka mfuko chini. Alikuwa amerithi kwa baba yake kutotazama pembeni.

"Tungekuuliza, Baba, ungesema nini?"

Mzee alifungua mdomo. Jikoni mwiko uliacha kugonga sufuria. Jibu lilikuwapo, tena lilikuwa la neno moja, na alipomtazama binti yake aliona kwamba ameshalisikia, amekuwa nalo muda mrefu, hangoji ila sauti tu. Wamae alifunga mdomo. Mtoto alikuja akaushika mkono wake, akamvuta aende amwonyeshe Koplo, naye alinyanyuka akamfuata kwa sababu mtoto hakuwa na kosa.

Njiani kuelekea zizini ndipo uchungu ulipomshika sawasawa. Si kwamba walimdanganya. Watu wake walikuwa wamemjua vizuri kiasi cha kujua neno atakalolisema kabla hajalisema, na katika watatu hao hakuna hata mmoja aliyeona inafaa kumpa nafasi ya kusema lingine.